Je, Wajua? Pembetatu, Kimo Chake na Kiwanja Unachotaka Kununua

Kila aliyepita shule ya msingi ameikariri: eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo. Kanuni ni fupi, na ufupi wake umewafanya wengi waamini kwamba hakuna la zaidi la kujifunza. Ugumu uko kwenye kimo. Kitako unakiona, unakanyaga juu yake, unakipima kwa tepu. Kimo mara nyingi hakijachorwa popote. Kimejificha ndani ya umbo, na ukienda shambani hutakikuta kwenye mpaka wowote. Watu wamehangaika nacho kwa karibu miaka 4,000, na waliokosa kukipata wamehesabu ardhi ambayo haipo. Njia ya kukifikia bila kukipima ni kanuni ile nyingine ya darasani, ya Pythagoras: katika pembetatu yenye pembemraba, mraba wa kiegama, yaani upande mrefu zaidi, ni jumla ya miraba ya pande nyingine mbili. Kanuni hizi mbili zinafaa kufundishwa pamoja, maana moja bila nyingine haimfikishi mtu mbali.

Je, wajua kwamba mojawapo ya hesabu za kale zaidi za eneo la pembetatu iliandikwa Afrika?

Yapata mwaka 1550 KK, karani wa Misri aliyeitwa Ahmose alinakili kwenye mafunjo mkusanyiko wa maswali ya hesabu. Mwenyewe anaeleza kwamba anatoa nakala ya andiko la kale zaidi, la zama za mfalme Amenemhat III, ambaye alitawala karibu karne tatu kabla yake. Mwaka 1858 mwanasheria wa Scotland, Alexander Henry Rhind, aliyanunua mafunjo hayo mjini Luxor. Leo yamehifadhiwa British Museum, London, na ununuzi huo ndio sababu yanaitwa Mafunjo ya Rhind badala ya kuitwa kwa jina la karani aliyeyaandika. Binafsi naona jina la Ahmose ndilo lililostahili.

Katika swali ambalo wataalamu wamelipa namba 51, Ahmose anashughulika na shamba la pembetatu lenye kitako cha kheti 4 na kipimo kingine cha kheti 10. Kheti moja ilikuwa dhiraa 100 za Misri, yaani takriban mita 52. Anachukua nusu ya 4, anapata 2, anaeleza kwamba amefanya hivyo ili apate mstatili wake, kisha anazidisha 2 kwa 10 na kupata 20. Kwa vipimo vyetu ni kama hekta 5 na nusu.

Maelezo hayo mafupi kuhusu mstatili yana thamani kubwa. Yanaonyesha kwamba karani alijua sababu ya kugawa kwa mbili: ukikata pembetatu katikati na kugeuza kipande kimoja, unapata mstatili wenye kimo kilekile na nusu ya kitako. Wanafunzi wengi wa leo wanagawa kwa mbili kwa sababu mwalimu amesema.

Wataalamu walibishana kwa muda mrefu kuhusu ile kheti 10. Je, Ahmose alikusudia kimo au ubavu wa mteremko? Kama ni kimo, jibu la 20 ni sahihi kabisa. Kama ni ubavu, pembetatu ingekuwa na pande 10, 10 na 4, kimo chake kingekuwa kipeuo cha pili cha 96, ambacho ni 9.8, na eneo lingekuwa 19.6. Wengi sasa wanaamini alikusudia kimo. Tofauti hapa ni ndogo kwa sababu pembetatu yenyewe ni nyembamba. Ikiwa pana, tofauti huwa kubwa mno.

Je, wajua kwamba kupanua kitako hakumaanishi kuongeza eneo?

Chukua nyumba mbili. Ya kwanza ina upana wa mita 6, ya pili mita 8. Zote mbili zimeezekwa kwa makombamoyo yenye urefu wa mita 5 kila upande, yanayokutana juu. Pale juu, kati ya makombamoyo hayo mawili na ukuta, pamebaki nafasi ya pembetatu ya kujengwa kwa tofali. Ni nyumba ipi itakula tofali nyingi zaidi?

Wengi watasema ya mita 8. Jibu ni kwamba zinalingana. Katika nyumba ya mita 6, nusu ya upana ni mita 3, na kimo ni kipeuo cha pili cha 25 kutoa 9, yaani mita 4. Eneo ni 3 mara 4, sawa na mita za mraba 12. Katika nyumba ya mita 8, nusu ya upana ni mita 4, kimo ni mita 3, na eneo ni mita za mraba 12 vilevile. Ukichunguza utaona kwamba zote mbili zimeundwa na pembetatu ileile ya 3, 4 na 5. Katika nyumba ya kwanza mbili zimegusanishwa kwa upande wa 4, katika ya pili kwa upande wa 3.

Ukizidi kupanua nyumba kwa makombamoyo yaleyale, eneo linaanza kupungua, na upana ukifika mita 10 makombamoyo yanalala chini na eneo linakuwa sifuri. Eneo kubwa kabisa, mita za mraba 12.5, linapatikana pale ambapo makombamoyo yanakutana kwa pembemraba, na hapo upana wa nyumba ni kama mita 7 na sentimita 7.

Je, wajua kwamba pembetatu ya 13, 14 na 15 imefundishwa kwa karibu miaka 2,000?

Hero wa Aleksandria, mwanahisabati wa karne ya kwanza BK aliyeishi na kufanya kazi Misri, aliitumia kama mfano. Karne nane baadaye al-Khwarizmi, mwanazuoni wa Baghdad, naye aliitumia katika sura ya vipimo ya kitabu chake cha aljebra. Kuna sababu nzuri. Pembetatu hii haina pembemraba, lakini kimo chake hutoka namba nzima.

Hivi ndivyo kinavyopatikana. Weka upande wa 14 uwe kitako. Mraba wa 15 ni 225, mraba wa 13 ni 169, tofauti yake ni 56. Gawa 56 kwa kitako, 14, unapata 4. Maana yake ni kwamba kimo kinakigawa kitako katika vipande viwili vinavyotofautiana kwa 4, na jumla yake ni 14. Vipande hivyo ni 9 na 5. Sasa upande mmoja una pembetatu mraba yenye kitako 5 na kiegama 13. Toa 25 kwenye 169, inabaki 144, na kipeuo chake ni 12. Ndicho kimo. Jaribu upande wa pili: 225 kutoa 81 ni 144 pia. Eneo ni nusu ya 14 mara 12, yaani 84.

Hero alikuwa na njia nyingine isiyohitaji kutafuta kimo. Jumlisha pande zote, 42, chukua nusu, 21. Toa kila upande kwenye 21 upate 8, 7 na 6. Zidisha 21 kwa 8 kwa 7 kwa 6, unapata 7,056, na kipeuo chake cha pili ni 84. Kanuni hii inajulikana kwa jina lake, ingawa al-Biruni, mwanazuoni wa karne ya 11, aliandika kwamba aliyeigundua ni Archimedes. Kitabu cha Hero chenye uthibitisho wake, Metrica, kilipotea kwa karne nyingi mpaka nakala yake ilipopatikana Istanbul mwaka 1896.

Je, wajua kwamba kuna hekalu ambalo kuta zake zimechongwa hesabu isiyo sahihi?

Hekalu la Horus lililoko Edfu, kusini mwa Misri, lina maandishi ya yapata mwaka 100 KK yanayoorodhesha mashamba yaliyotolewa kwa hekalu. Maeneo yalihesabiwa kwa njia ya mkato: jumlisha pande mbili zinazotazamana na ugawe kwa mbili, fanya hivyo kwa pande nyingine mbili, kisha zidisha. Kwa mstatili njia hii ni sahihi. Kwa shamba lolote lililopinda, jibu huzidi eneo la kweli, na halipungui kamwe.

Shamba la pembetatu lilihesabiwa kwa njia hiyohiyo, kana kwamba lina upande wa nne usio na urefu. Ukiijaribu kwa pembetatu ya Hero, wastani wa 13 na 15 ni 14, wastani wa 14 na sifuri ni 7, na eneo linakuwa 98. La kweli ni 84. Ni vipimo 14 vya ziada, moja ya sita ya shamba lote, na haya yalifanyika zaidi ya miaka 1,400 baada ya Ahmose kuhesabu sawasawa katika nchi hiyohiyo. Mkato huu haukufa na Mafarao. Nitaurudia kwenye kiwanja.

Je, wajua kwamba Papa aliwahi kuulizwa kwa nini pembetatu moja ina maeneo mawili?

Gerbert wa Aurillac, aliyekuja kuwa Papa Sylvester wa Pili kuanzia mwaka 999 hadi 1003, alikuwa mmoja wa wasomi wakubwa wa hesabu katika Ulaya ya wakati wake. Msomi aliyeitwa Adelbold alitatizwa na pembetatu yenye pande tatu sawa za urefu wa 7. Kanuni moja aliyoikuta katika vitabu ilitoa eneo la 28, nyingine ikatoa 21. Ipi ni sahihi?

Gerbert alimwandikia kumweleza. Ile ya 28 hutokana na kupanga viraba: safu ya chini viraba 7, inayofuata 6, na kuendelea hadi kimoja. Jumla ni 28. Lakini viraba vya pembeni vinatokeza nje ya mistari ya pembetatu, kwa hiyo unahesabu na kisichokuwa chako. Njia sahihi, alisema, ni kutafuta kimo, nacho akakikadiria kuwa 6. Nusu ya 7 mara 6 ni 21. Pythagoras angetupa kimo cha 6.06 na eneo la 21.2, hivyo makadirio ya Gerbert yalikuwa karibu sana.

Je, wajua kwamba kanuni ya Pythagoras ilijulikana zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Pythagoras kuzaliwa?

Pythagoras wa Samos alizaliwa karibu mwaka 570 KK. Katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kuna kibao cha udongo kiitwacho Plimpton 322, kilichoandikwa kusini mwa nchi inayoitwa leo Iraki yapata mwaka 1800 KK. Kina safu za namba, na mwaka 1945 Otto Neugebauer na Abraham Sachs walionyesha kwamba namba hizo ni pande za pembetatu mraba. Baadhi ni kubwa kiasi kwamba haziwezi kuwa za kubahatisha: mstari mmoja unahusu pembetatu ya 12,709, 13,500 na 18,541.

Kibao kingine cha zama hizo, kilichoko Chuo Kikuu cha Yale, kinatosha kwenye kiganja. Kimechorwa mraba na ulalo wake, na juu ya ulalo kimeandikwa kipeuo cha pili cha 2 kwa namba za msingi wa 60. Ukizigeuza kuwa desimali unapata 1.414213, sahihi hadi nafasi ya tano ya desimali. Aliyekishika mkononi mwake alijua kwamba ulalo wa mraba unaweza kupatikana bila kuupima.

Kuna hadithi maarufu kwamba Wamisri walitumia kamba yenye mafundo 12, wakaivuta iwe 3, 4 na 5 ili kupata pembemraba za piramidi. Ni hadithi nzuri, lakini ushahidi wake haupo. Mwanahistoria Mjerumani Moritz Cantor aliitoa kama dhana mwishoni mwa karne ya 19, na vitabu vikaieneza kama ukweli. Wavuta kamba wa Misri walikuwepo. Mafundo 12 ndiyo hayajaonekana.

Je, wajua kwamba fundi wa mtaani hutumia kanuni hiyo kila anapoanzisha msingi?

Mwangalie fundi anayejua kazi yake. Vigingi vimekitwa kwenye kona, uzi umevutwa pande mbili. Anaanzia kwenye kona, anapima sentimita 60 kwenye uzi mmoja na kuweka alama, kisha 80 kwenye uzi wa pili. Halafu anamwambia msaidizi wake ashike tepu kwenye alama ya kwanza, naye anaivuta hadi ya pili. Ikisoma 100, kona imekaa. Isiposoma, kigingi cha mbali kinasogezwa mpaka isome. Mraba wa 60 ni 3,600, wa 80 ni 6,400, na jumla ni 10,000.

Jambo ambalo mafundi vijana hawaambiwi ni kwamba ukubwa wa pembetatu una maana. Tuseme tepu ilegee na fundi akakubali 101 badala ya 100. Pembe imeshakuwa nyuzi 91 na zaidi kidogo. Kwenye ukuta wa mita 12, mwisho wa ukuta huo utakuwa umehama kwa sentimita 25. Lakini akitumia mita 3, 4 na 5, kosa lilelile la sentimita moja litahamisha mwisho wa ukuta kwa sentimita 5 tu. Hii ndiyo sababu guni la chuma, pamoja na unyoofu wake wote, halitoshi kuanzishia nyumba: mikono yake ni mifupi mno.

Je, wajua kwamba rais wa Marekani aliithibitisha kanuni ya Pythagoras kwa eneo la pembetatu?

Mwaka 1876 James Garfield, akiwa bado mbunge, alichapisha uthibitisho wake katika jarida la elimu. Naupenda kuliko mwingine wowote, kwa kuwa hauhitaji chochote zaidi ya nusu ya kitako mara kimo. Chukua pembetatu mbili za 3, 4 na 5. Laza moja kwenye mstari kwa upande wa 4, simamisha ya pili mbele yake ikilalia upande wa 3, ili ncha zao zigusane chini. Unganisha vilele vyao kwa mstari. Umepata trapeza yenye pande sambamba za 3 na 4, na umbali kati yake ni 7. Eneo lake ni nusu ya 7 mara 7, yaani 24.5. Pembetatu zako mbili zina eneo la 6 kila moja, jumla 12. Kwa hiyo pembetatu ya tatu iliyobanwa katikati, yenye pembemraba kati ya viegama viwili, ina 12.5. Hiyo ni nusu ya 5 mara 5. Weka herufi badala ya namba, na kanuni imethibitishwa kwa pembetatu mraba zote.

Garfield aliingia Ikulu Machi 1881, akapigwa risasi Julai na kufariki Septemba mwaka huohuo.

Elisha Loomis, mwalimu wa Marekani, alikusanya zaidi ya thibitisho 360 za kanuni hii katika kitabu kimoja, akaandika kwamba haiwezekani kuithibitisha kwa trigonometria, kwa kuwa trigonometria yenyewe imesimama juu ya Pythagoras. Alikosea. Jason Zimba alitoa uthibitisho wa aina hiyo mwaka 2009. Kisha wasichana wawili wa sekondari ya St. Mary's Academy, New Orleans, Ne'Kiya Jackson na Calcea Johnson, walitoa wa kwao. Walianza na swali la ziada la shindano la shuleni, Machi 2023 wakawasilisha kazi yao kwenye mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani mjini Atlanta, na Oktoba 2024 makala yao yenye thibitisho kadhaa ikatoka katika jarida la American Mathematical Monthly. Msichana wa Kiswahili anayeambiwa hesabu si za kwake asimuliwe habari hii.

Je, wajua pia kwamba:

Kuna pembetatu mraba mbili tu zenye pande za namba nzima ambazo eneo lake na mzingo wake ni namba moja. Ni ile ya 5, 12 na 13, yenye 30 kwa 30, na ile ya 6, 8 na 10, yenye 24 kwa 24.

Baada ya 13, 14, 15, pembetatu inayofuata yenye pande za namba zinazofuatana na eneo la namba nzima ni ya 51, 52, 53. Kimo chake ni 45 na eneo ni 1,170.

Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Keio, Japani, Yoshinosuke Hirakawa na Hideki Matsumura, walithibitisha mwaka 2018 kwamba kuna jozi moja tu ya pembetatu mraba na pembetatu pacha, zenye pande za namba nzima, zinazolingana mzingo na eneo pia, ukiacha zile zinazotokana na kuzikuza hizohizo. Ya kwanza ina pande 135, 352 na 377. Ya pili ina 366, 366 na 132. Chukua kalamu ujaribu: mzingo wa kila moja ni 864, na eneo ni 23,760.

Hakuna pembetatu mraba yenye pande za namba nzima ambayo eneo lake ni namba mraba, kama vile 4, 9 au 16. Mfaransa Pierre de Fermat alilithibitisha hilo katika karne ya 17. Lakini ukiruhusu sehemu, maeneo mengine yanafunguka. Fibonacci aliandika mwaka 1225 kuhusu eneo la 5: pande zake ni 3/2, 20/3 na 41/6. Ni maeneo gani mengine ya namba nzima yanayowezekana? Jibu kamili la swali hilo limefungamana na kitendawili cha Birch na Swinnerton-Dyer, ambacho Taasisi ya Clay ya Marekani ilikiwekea zawadi ya dola milioni 1 mwaka 2000. Zawadi hiyo bado haijachukuliwa.

Na ramani za kwetu nazo zimejengwa kwa pembetatu. Wapimaji walipanga mlolongo wa pembetatu kubwa kutoka kilele hadi kilele, kusini hadi kaskazini mwa Afrika, kufuata longitudo ya nyuzi 30 mashariki. Kazi hiyo, iliyoasisiwa na David Gill, ilikamilika mwaka 1954. Kutokana nayo ukapatikana mfumo wa Arc 1960, ambao ramani nyingi za Kenya, Tanzania na Uganda zimeutumia.

Je, wajua kwamba pande nne hazitoshi kujua ukubwa wa kiwanja?

Hili ndilo ningependa kila mnunuzi alijue. Ukitaja pande tatu za pembetatu, umeshataja eneo lake, kwa sababu pembetatu haiwezi kupinda. Umbo la pande nne linapinda. Kiwanja chenye mita 20 kila upande kinaweza kuwa na mita za mraba 400 kikiwa mraba. Kikisukumwa kidogo mpaka milalo yake iwe mita 24 na 32, eneo linashuka hadi 384. Kikisukumwa zaidi mpaka ulalo mfupi uwe mita 20, zinabaki 346. Muuzaji atakuonyesha ishirini kwa ishirini, na tepu haitamkanusha.

Sasa tazama kiwanja kilichopinda, kama vilivyo vingi pembezoni mwa miji yetu. Tuseme pande zake, ukizunguka, ni mita 26, 30, 21 na 35. Kwa mkato wa Edfu, ambao hadi leo unatumika kwenye mauziano ya mdomo, wastani wa 26 na 21 ni 23.5, wastani wa 30 na 35 ni 32.5, na jibu ni mita za mraba 763.75. Pima ulalo, toka kona ya 35 na 26 hadi kona ya 30 na 21. Tuseme ni mita 28. Kiwanja kimegawanyika pembetatu mbili. Ya kwanza ni 26, 28, 30, ambayo ni ile ya Hero ikiwa imekuzwa mara mbili: kimo ni mita 24, eneo 336. Ya pili ni 21, 28 na 35, pembetatu mraba, eneo 294. Jumla ni mita za mraba 630. Kwa bei ya shilingi 20,000 kwa mita ya mraba, mnunuzi aliyekubali mkato amelipa shilingi 2,675,000 kwa ardhi ambayo haipo.

Vipimo vya mazoea navyo viangaliwe. Ekari ya "hatua 70 kwa 70" inakaribia kuwa sahihi hatua ikiwa yadi moja, kwa kuwa ekari ni yadi za mraba 4,840 na 70 mara 70 ni 4,900. Kwa Kenya, kiwanja cha futi 50 kwa 100 huitwa moja ya nane ya ekari, lakini kina futi za mraba 5,000, ilhali moja ya nane kamili ni 5,445.

Kwa hiyo, msomaji, unapokwenda kukagua kiwanja beba tepu ndefu na mtu wa kukushikia, upime pande nne na ulalo mmoja. Kiwanja cha mita 15 kwa 20 kilichonyooka kina ulalo wa mita 25 kamili. Cha mita 20 kwa 30 kina mita 36 na sentimita 6. Cha futi 50 kwa 100 kina futi 111 na inchi 9 na nusu hivi. Namba ikikataa, usitoe pesa mpaka mpimaji aliyesajiliwa afike na kuweka vipimo vyake kwenye karatasi.